Kiolesura Kilichosanifiwa kwa Akili Unde Kinapokwama: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Zana za akili unde zinazosanifu skrini za programu na tovuti, kama vile v0, Lovable, Figma Make na Stitch ya Google, pamoja na wasaidizi wa jumla kama ChatGPT, Claude na Gemini, zina tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa: haziachi pengo. Msanifu ambaye hakuambiwa mteja atalipa kwa njia gani atauliza, au ataacha nafasi wazi na kuweka alama ya kuuliza. Zana hujaza. Inapojaza, huchota katika yale iliyoyaona kwa wingi ilipofunzwa, na kwa upande wa kurasa za tovuti hayo ni kazi za Kiingereza, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aishiye Marekani, mwenye kadi ya benki, skrini pana na mtandao usiokatika.

Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na hitilafu yoyote, jiulize kwanza kama jambo hilo uliwahi kulisema. Kama hukulisema, dawa ni kulisema kwa maneno kamili, na kubadilisha zana hakutakusaidia, kwa kuwa zana nyingine nayo itajaza pengo lilelile kwa mazoea yaleyale. Kama ulilisema na likapotea baadaye, tatizo ni la aina nyingine, nalo lina sehemu yake mbele. Mfano utakaotumika kote ni programu ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, nchini Tanzania: mwanachama anaingia, anaona akiba na hisa zake, anaomba mkopo, anataja wadhamini na analipa marejesho kwa simu. Mfano huu unafaa kwa sababu unagusa fedha za watu, na kosa la skrini humgharimu mtu ambaye hakulifanya yeye.

Skrini inafanana na nyingine zote

Dalili zake zinajulikana: vitufe vya zambarau, usuli unaofifia kutoka zambarau kwenda buluu, kichwa kikubwa katikati, na chini yake kadi tatu zenye pembe za mviringo, kila moja na aikoni yake. Chanzo cha rangi hiyo kina historia ya kueleweka. Zana nyingi huandika mtindo wa kurasa kwa kutumia Tailwind CSS, yaani mkusanyiko wa mitindo iliyo tayari (CSS ni lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa), na mifano ya vitufe iliyouzwa na watengenezaji wa Tailwind ilikuwa imepakwa rangi ya indigo, iliyo karibu na zambarau. Mifano hiyo ilinakiliwa kila mahali, kisha nakala hizo zikawa sehemu ya yale ambayo mifumo ya akili unde ilifunzwa. Mwezi Agosti 2025 Adam Wathan, mwanzilishi wa Tailwind, aliomba radhi hadharani, kwa namna ya mzaha, kwa uamuzi huo uliofanywa miaka mitano nyuma.

Kufanana kunaweza kuwa kuzito zaidi ya rangi. Mwaka 2024 kampuni ya Figma ilisimamisha kwa muda zana yake ya kuzalisha michoro baada ya msanifu mmoja kuonyesha kwamba, ikiombwa programu ya hali ya hewa, ilitoa skrini zilizofanana mno na ile ya Apple. Mwenye kuchukua tokeo la kwanza bila kulibadilisha hana namna ya kujua amebeba kazi ya nani.

Marekebisho hayapatikani kwa kuongeza sifa. Ukiiambia zana ifanye ukurasa uwe wa kisasa na wa kupendeza, umeiomba wastani wa kila kilichowahi kuitwa cha kisasa, na wastani huo ndio unaoukimbia. Ipe vitu vinavyopimika: rangi kuu kwa namba yake, rangi ya tahadhari, fonti, ukubwa wa chini wa herufi, na kiasi cha mviringo wa pembe. Chama karibu kila mara kina rangi zake tayari kwenye kitabu cha mwanachama na kwenye bango la ofisi, na hizo ndizo za kuanzia. Lakini mpangilio wa taarifa ni muhimu kuliko rangi. Mwanachama mwenye mkopo hufungua programu hasa ili kujua anadaiwa kiasi gani na lini, kwa hiyo andika maneno yenyewe yatakayosomeka juu kabisa, kwa mfano "Marejesho yajayo: TSh 185,000, tarehe 30", kisha uiombe zana ijenge skrini kuyazunguka. Skrini iliyojengwa juu ya maneno ya kweli haiwezi kufanana na ya duka la viatu.

Maandishi hayasomeki juani

Zana hupenda kijivu hafifu kwa maelezo madogo, na kwenye kompyuta iliyo ndani ya chumba kijivu hicho huonekana maridadi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kurasa zinazoweza kutumiwa na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu cha Tailwind chenye namba #9CA3AF juu ya nyeupe kina 2.54 tu, ilhali #6B7280, ambacho kwa jicho la haraka hakitofautiani nacho sana, kina 4.83 na kinapita. Hata ile indigo maarufu, #6366F1, ikiandikwa maneno meupe juu yake hupata 4.47, yaani hushindwa kwa kiasi kidogo.

Usiiulize zana kama rangi zinasomeka na kuridhika na jibu, kwa maana mara nyingi itajibu ndiyo bila kufanya hesabu. Kivinjari cha Chrome huonyesha uwiano huo katika sehemu yake ya ukaguzi unapochagua rangi ya maandishi. Baada ya hapo toka nje mchana, punguza mwangaza wa simu hadi nusu, usome salio.

Kwenye kompyuta ni safi, kwenye simu panavunjika

Zana nyingi hukuonyesha matokeo katika dirisha pana, nawe unakubali ulichokiona. Fungua kazi hiyo katika upana wa pikseli 360, ambao ni wa kawaida kwa simu za Android za bei nafuu, kisha uangalie dalili ipi imejitokeza.

Ikiwa ukurasa unasogea pembeni, kuna kitu ambacho upana wake umefungwa kwa pikseli, au kuna jedwali lisilokunjika, na kwenye programu ya SACCOS jedwali hilo huwa ni taarifa ya marejesho yenye safu sita. Usiombe jedwali lipunguzwe herufi. Omba kila malipo yawe mstari wake wenye tarehe na kiasi, na mengine yafunguke kwa kugusa.

Ikiwa kitufe cha chini kabisa kimefichwa, angalia kama msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, umetumia kipimo cha urefu wa skrini cha `100vh`, ambacho kwenye simu hakizingatii upau wa anwani unaojitokeza na kujificha. `100dvh` kiliundwa kwa ajili hiyo. Ikiwa kwenye iPhone skrini inajikuza yenyewe mara mtu anapogusa kisanduku cha kujaza, herufi za kisanduku hicho ni ndogo kuliko pikseli 16. Ikiwa watu wanagusa kitufe kimoja na kufungua kingine, pima vitufe: WCAG 2.2 inakubali pikseli 24 kwa 24 kama kiwango cha chini, lakini Google inapendekeza 48 na Apple 44, nami nashauri kushika 48 kwa jambo lolote linalohusu fedha.

Kuna dalili moja inayowapata zaidi wanaoandika kwa Kiswahili, nayo ni maneno kukatika ndani ya vitufe na menyu. Zana husanifu kwa maneno mafupi ya Kiingereza, kisha tafsiri huingizwa baadaye na "Thibitisha malipo" au "Taarifa ya akaunti" hukosa nafasi. Tatizo hili huzuiwa mwanzoni, kwa kuipa zana maneno yote ya Kiswahili kabla ya kuchora mstari wa kwanza, na kuikataza kufunga upana wa kitufe chochote chenye maandishi.

Fomu inamkataa mtu mwenye taarifa sahihi

Hapa ndipo mazoea ya mbali yanapoumiza zaidi, kwa sababu mtu aliyekataliwa na fomu hujiona yeye ndiye mwenye kosa.

Namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zana isiyojua hayo huweka kikomo kifupi, na mwanachama hawezi kumaliza kuandika. Hiyo ni hitilafu inayoonekana, na kwa hiyo itaripotiwa. Isiyoonekana ni pale zana inapokiita kisanduku hicho cha aina ya namba na msimbo ukaihifadhi kama namba ya hesabu. JavaScript, lugha ya programu inayotumika kwenye kurasa, hutunza namba kamili kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16, na zaidi ya hapo tarakimu za mwisho huweza kubadilishwa kimyakimya. Mwanachama ameandika namba yake sawasawa, fomu imepokea, na kilichohifadhiwa si namba yake. Namba za simu zinazoanza na sifuri nazo hupoteza sifuri hiyo kwa sababu ileile. Iagize zana itumie kisanduku cha maandishi chenye `inputmode="numeric"`, ili simu ilete kibodi ya tarakimu, na ihifadhi kitambulisho na namba ya simu kama maandishi kuanzia kwenye fomu hadi kwenye hifadhidata.

Kuhusu simu, kubali kila namna watu wanavyoandika, iwe kwa 0, 255 au +255, ikiwa na nafasi katikati au bila nafasi, kisha msimbo ndio usafishe na kuhifadhi kwa umbo moja la +255 na tarakimu tisa. Kumlazimisha mtu aandike upya namba ambayo kompyuta ingeweza kuisafisha yenyewe ni kumbebesha kazi isiyo yake.

Majina pia yana mtego. Visanduku viwili vya jina havitoshi mahali ambapo vitambulisho hubeba majina matatu, na kanuni inayoruhusu herufi za A hadi Z pekee itamkataa kila mwenye jina la ukoo lenye Ng' mwanzoni. Kwa anwani, futa jimbo na msimbo wa posta wa Marekani uweke mkoa, wilaya, kata na mtaa au kijiji, na kwa Zanzibar uweke shehia. Tanzania ina mikoa 31, mitano kati yake ikiwa Zanzibar. Orodha inayotolewa na zana ihesabu mwenyewe, na hakikisha Songwe ipo, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kwa kuwa orodha nyingi za zamani hazina.

Tarehe, saa na maneno yanapotosha

Tarehe iliyoandikwa 04/07/2025 ni Julai 4 kwa mwanachama wa Morogoro na ni Aprili 7 kwa mazoea ya Marekani. Katika ratiba ya mkopo tofauti hiyo ni karibu miezi mitatu. Mwezi uandikwe kwa jina lake, na jambo hilo liishe.

Saa inahitaji uangalifu zaidi. Ofisi ikifunguliwa saa moja asubuhi, zana inayotafsiri kutoka Kiingereza huandika "saa 7:00 asubuhi", na msomaji anabaki kukisia kama ni saa moja asubuhi au saa saba mchana. Kilichotokea ni kwamba maneno yametafsiriwa na hesabu imeachwa. Hifadhi muda kwa mfumo wa saa 24, kisha uagize sehemu moja tu ya msimbo (function) ifanye ubadilishaji kwa programu nzima: toa sita, ukipata sifuri au chini yake, ongeza 12, ukipata zaidi ya 12, toa 12. Jaribu kwa 00:00, 06:00, 12:00 na 18:00, na majibu yawe saa 6 usiku, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni.

Maneno ya vitufe nayo yakitafsiriwa moja moja bila muktadha hutoa "Okoa" pale panapotakiwa "Hifadhi", na "Usawa" pale panapotakiwa "Salio". Ipe zana orodha ya maneno ya chama chenyewe, yaani akiba, hisa, riba, mdhamini, marejesho na gawio, na uiagize isitumie neno jingine badala yake. Mwisho, angalia kama ukurasa umetangazwa kuwa ni wa `lang="sw"`. Zana huacha `en` mara kwa mara, na matokeo yake ni kwamba programu ya kusoma skrini inayotumiwa na asiyeona inaweza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza hata yasieleweke.

Ukirekebisha kimoja, vitatu vinaharibika

Umeomba kitufe kisogezwe. Kitufe kimesogea, lakini rangi ya kichwa imebadilika, kisanduku cha mdhamini kimetoweka, na ile hesabu ya saa uliyoitengeneza kwa taabu imerudi ilivyokuwa. Vyanzo ni viwili na mara nyingi hufanya kazi pamoja. Kwanza, zana nyingi hazirekebishi mstari mmoja, bali huandika upya faili au sehemu kubwa yake, na kila kuandika upya ni nafasi mpya ya kujaza pengo. Pili, mazungumzo yakirefuka, masharti uliyoyasema mwanzoni hupoteza nguvu au hutoka kabisa katika kiasi cha maandishi ambacho mfumo unaweza kukizingatia kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo masharti yasikae kwenye mazungumzo. Yaandike katika faili moja fupi, lenye rangi, maneno ya chama, umbo la namba na tarehe, na upana wa skrini, kisha faili hilo liambatane na kila ombi. Rangi na vipimo viwekwe mahali pamoja kama vigezo vya CSS, ili skrini mpya ivichukue badala ya kubuni vyake. Kila ombi liwe na badiliko moja, na litaje kisichoguswa: "Sogeza kitufe cha Thibitisha chini ya jumla, usibadilishe faili jingine lolote." Hifadhi toleo kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, au kwa historia ya zana yenyewe, kabla ya kutuma ombi hilo, na usome tofauti ya msimbo kabla ya kuikubali.

Zana ikishindwa mara mbili kurekebisha jambo lilelile, usiendelee kuisihi. Kila jaribio lililoshindwa hubaki katika mazungumzo na kuyavuruga. Rudi kwenye toleo zuri la mwisho, fungua mazungumzo mapya, weka faili la masharti na msimbo wa sasa, na ueleze tatizo upya kama mtu anayelieleza kwa mara ya kwanza. Ukiambatisha picha ya skrini kuonyesha kosa, tumia mwanachama wa kubuni. Majina, salio na namba za simu za watu halisi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuzituma kwenye zana ya nje ili kusogeza kitufe hakuna utetezi.

Kila kitu kinaonekana, lakini hakuna kinachofanya kazi

Skrini inaonyesha salio, na ukibadilisha mwanachama salio ni lilelile. Zana imeandika data za mfano ndani ya msimbo, kisha ikatangaza kuwa kazi imekamilika. Iagize iorodheshe kila kitufe, kinachofanywa na kitufe hicho, na kama kimeunganishwa na seva au bado. Halafu uthibitishe mwenyewe kwa kugusa kimoja baada ya kingine.

Angalia pia hali ambazo hazikuchorwa. Zana huchora siku njema: mwanachama ana akiba, ana mkopo mmoja, mtandao upo. Omba skrini ya mwanachama mpya asiye na chochote, ya taarifa zinazosubiriwa, ya mtandao uliokatika, na ya ombi la mkopo lililokataliwa. Maneno ya skrini hiyo ya mwisho yaandikwe na mtu wa ofisi ya mikopo, kwa sababu aliyenyimwa mkopo anastahili kuambiwa sababu na hatua inayofuata.

Mwanachama amelipa mara mbili

Ukiomba ukurasa wa malipo bila maelezo, utaletewa fomu ya kadi. Taja M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa kwa majina, na ueleze mwendo wenyewe: mwanachama anachagua mtandao, anaandika namba, ombi la malipo linatokea kwenye simu yake, naye anaweka namba ya siri hapo. Ukikuta zana imeongeza kisanduku cha namba ya siri ndani ya programu yako, kiondoe mara moja, kwa kuwa namba hiyo haipaswi kupita mikononi mwa chama kwa namna yoyote.

Malipo maradufu hutokana na skrini inayojua hali mbili tu, kufaulu na kushindwa. Uthibitisho wa malipo ya simu huja baadaye, pengine baada ya sekunde chache, pengine baada ya dakika kadhaa mtandao ukielemewa. Skrini hiyo husubiri kidogo, hutangaza kwamba malipo yameshindikana, na mwanachama hubonyeza tena wakati fedha za kwanza ziko njiani.

Iagize zana iweke hali ya tatu, yenye maneno "Tunasubiri uthibitisho, usilipe tena", na kitufe kizimwe katika muda huo. Namba ya utambulisho wa muamala itengenezwe mara moja mwanachama anapofungua ukurasa wa rejesho hilo, si kila anapobonyeza, na seva ikatae kuituma mara ya pili. Neno "yameshindikana" lionekane pale tu mtoa huduma mwenyewe anapothibitisha kushindikana, na kumbukumbu namba ya muamala ionyeshwe kama ilivyo kwenye ujumbe mfupi, ili mwanachama aweze kulinganisha. Kisha jaribu kwa simu yako na kiasi kidogo: weka namba ya siri, zima data papo hapo, funga programu, subiri, uifungue tena. Ikikuonyesha kitufe cha kulipa badala ya muamala unaosubiriwa, haijawa tayari kupewa wanachama.